Madereva hewa wa Hawletts: hesabu ya tripu katika filamu ya 1957

Tom Yately anaingia ofisini kuomba kazi ya udereva, na masharti anayopewa hayana maneno mengi. Kampuni inaitwa Hawletts. Inasomba kokoto. Malipo ni kwa tripu: ukipiga nyingi unapata nyingi. Kiwango cha chini ni tripu 12 kwa siku, na anayebaki nyuma kazi hana. Barabara ni mbovu, nyembamba, na magari mengine hayajui kwamba wewe una haraka. Hayo yote Tom anayakubali, kwa sababu ametoka jela na hana pa kuchagulia.

Hapo ndipo inapoanza Hell Drivers, filamu ya Uingereza ya 1957 iliyoongozwa na Cy Endfield. Siku hizi watu huitafuta zaidi kwa ajili ya sura zilizomo. Yumo Sean Connery, miaka mitano kabla hajacheza James Bond. Wamo Patrick McGoohan, Herbert Lom, David McCallum na Sid James, na yumo William Hartnell ambaye mwaka 1963 alikuja kuwa Daktari wa kwanza wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza. Ukiitazama kwa kuwatafuta hao utaburudika, sina ugomvi na hilo. Mimi nataka kuifungua kama faili la ofisi lenye meneja, nyapara, madereva, na mfumo wa malipo ambao mpaka filamu inaisha umeshaua watu watatu. Ngumi na mbio zilizomo zina chanzo kimoja, nacho ni namna mishahara ilivyopangwa. (Anayetaka kuitazama kwanza na aache kusoma hapa, maana nitasema nani anakufa.)

Wahusika wanaotuhusu ni wachache. Cartley, anayechezwa na Hartnell, ndiye meneja wa kituo. Red, anayechezwa na McGoohan, ni nyapara anayeendesha pia. Gari lake ni namba 1, na rekodi ya tripu 18 kwa siku ni yake. Tom, anayechezwa na Stanley Baker, anapewa namba 13. Gino, anayechezwa na Lom, ni Mwitaliano aliyeletwa Uingereza kama mateka wa vita akabaki hukohuko. Lucy, anayechezwa na Peggy Cummins, ni karani wa ofisi. Gino anampenda, yeye anampenda Tom. Magari yenyewe ni matipa ya Dodge yaliyoundwa Kew, London, yenye boneti iliyochongoka ambayo wapenzi wa malori ya zamani wanaiita mdomo wa kasuku.

Sasa hesabu.

Uingereza ya wakati ule haikuwa nchi isiyo na sheria za barabarani. Sheria ya mwaka 1930 ilimzuia dereva wa lori kuendesha zaidi ya saa 5 na nusu mfululizo, au zaidi ya saa 11 katika saa 24, na muda aliotumia kushughulikia gari au mzigo ulihesabiwa humohumo. Saa 11 ni dakika 660. Gawanya kwa tripu 12, unapata dakika 55 kwa kila tripu. Ndani ya dakika hizo 55 weka foleni ya kupakia, kwenda, kumwaga, na kurudi. Bado dereva hajanywa chai. Ukigawa kwa tripu 18 za Red unapata chini ya dakika 37. Ikiwa kupakia na kumwaga kunakula dakika 10 tu, na hapo tumekuwa wakarimu, zinabaki dakika 27 za kwenda na kurudi.

Halafu kuna mwendo. Kwa miaka mingi lori lililozidi tani 3 likiwa tupu liliruhusiwa maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Ni mwaka huohuo wa 1957 ndipo kikomo kilipandishwa hadi maili 30. Kwa hiyo mtazamaji wa kwanza wa filamu hii, akiwa amekaa kwenye kiti cha sinema, alikuwa anatazama matipa yakipita kwa kasi ambayo nje ya ukumbi ingempeleka dereva mahakamani. (Kasi yenyewe imeongezwa chumvi: kamera ilipigwa polepole ili picha ikioneshwa ionekane inakimbia. Sehemu nyingine unaona kabisa kwamba watu na magari vinatikisika kwa namna isiyo ya kawaida. Nimeizoea.)

Ninachotaka kionekane ni hiki. Hawletts haimwambii dereva avunje sheria. Hakuna karatasi ukutani inayosema kimbia. Kuna namba tu, 12, na dereva anafanya hesabu mwenyewe akiwa usukani. Akikamatwa, ni yeye aliyekimbia. Akipindua gari, ni uzembe wake. Kumbukumbu ya saa alizofanya kazi enzi hizo ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, tena na dereva mwenyewe, na nani angejiandikia kosa? Kifaa cha kurekodi mwendo na saa kilikuja kuwa cha lazima kwa malori ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kilipingwa na madereva walewale kiliokuja kuwalinda, wakakiita jasusi wa ndani ya kabini. Ukishaielewa hesabu ya tripu huwashangai. Kwa mtu anayelipwa kwa mzunguko, kifaa kinachosema simama kinakata mshahara.

Dereva wa tipa anayesomba mchanga au kokoto kwa tripu hahitaji kuelezwa hayo. Wa daladala au matatu anayeamka na hesabu ya bosi kichwani naye hahitaji. Kwake namba inakuja kwa shilingi badala ya mizunguko, lakini inafanya kazi ileile: saa nne usiku bado hajaipata, anarudi barabarani.

Namba 12 peke yake ingetosha kuwachosha watu. Isingetosha kuwafanya wachukiane. Kwa hilo Hawletts ina kitu cha ziada: kikasha cha sigara cha dhahabu cha Red. Yeyote atakayempita Red kwa tripu katika siku moja atakichukua. Kimewekwa wazi, kila mtu anakijua, na hakuna aliyewahi kukipata.

Nadhani hiki ndicho kitu kilichobuniwa kwa akili kuliko vyote katika filamu hii, na wahakiki wengi hukipita haraka wakidhani ni kipambo cha hadithi. Fikiria kazi kinayofanya. Zawadi ni moja na madereva ni wengi, kwa hiyo kila dereva anamtazama mwenzake kama mtu anayemzibia njia. Anayeiweka ni nyapara, na nyapara huyohuyo ndiye anayeshindana nao, tena akiwa ndiye mwenye sauti uwanjani. Zawadi haitoki mfukoni mwa kampuni hata senti moja, na yeye mwenyewe haimtoki mpaka ashindwe, na hashindwi. Wakati huohuo kila anayejaribu kumfikia Red anapandisha wastani wa kituo kizima. Mtu akipiga tripu 15 leo akitafuta 19, kampuni imepata 15. Kesho anayepiga 12 ataonekana mvivu.

Tom anaingia kwenye mtego huo kwa miguu yake. Ni dereva mzuri, na ana haja ya kuonekana. Tunaambiwa kwa nini. Anakwenda kwao, kwenye duka la mama yake, na pesa mkononi. Ndani yumo mdogo wake Jimmy, anayetembea kwa magongo. Ajali iliyomlemaza ndiyo iliyompeleka Tom jela. Jimmy hana kinyongo. Mama anaingia, anamwona mwanawe, na pesa hazitaki. Hakuna kelele wala mlango unaobamizwa. Ukitoka kwenye tukio hilo ukarudi uwanjani, unaelewa kwamba mtu huyu hakimbilii kikasha kwa sababu ya dhahabu. Baker, ambaye baba yake mzazi alikuwa mchimba makaa wa bonde la Rhondda huko Wales aliyepoteza mguu mgodini, anaucheza uhusika huo bila kuomba huruma ya mtu.

Kisha linakuja dansi la kijijini. Madereva wanakwenda, wanaanza fujo, ngumi zinarushwa. Tom anaondoka kabla polisi hawajafika, na ana sababu: mtu aliyetoka jela juzi hakai kwenye ugomvi. Wenzake hawajui sababu hiyo, au hawaitaki. Kuanzia usiku ule ni mwoga, na mwoga pale kazini hana haki. Wanamhujumu, wanamzibia njia barabarani, wanamcheka mgahawani. Gino peke yake anabaki upande wake.

Wapo wanaosema sehemu hii ni ya kawaida, steringi anaonewa kwanza ili baadaye akipiga tushangilie, na ni kweli baadaye anampiga Red tukashangilia. Lakini tazama muda wa kazi. Madereva wanaolipwa kwa tripu wanapoteza dakika zao kumzuia mwenzao. Kwa nini mtu atupe pesa yake ili mwingine asipate? Jibu la filamu, kama ninavyolisoma, ni kwamba hawa watu wamekwisha kufundishwa kupimana kwa kitu kimoja tu, na Red ndiye anayeshika kipimo. Kumchukia Tom ni njia ya kuwa upande wa mwenye kipimo, na chuki hiyo inalipa kuliko tripu moja.

Ndipo tunapofika kwenye leja. Lucy, ambaye kwa kazi yake anaona karatasi ambazo madereva hawazioni, ndiye anayefichua siri: Cartley ameajiri madereva wachache kuliko idadi inayolipiwa na kampuni, na mishahara ya wasiokuwepo anagawana na Red.

Msomaji wa Tanzania anayekumbuka mwaka 2016 na msako wa watumishi hewa hatahitaji maelezo. Hawa ni madereva hewa. Lakini kuna tofauti inayoifanya kesi ya Hawletts iwe mbaya zaidi. Mtumishi hewa wa ofisini anaweza kulipwa miaka mingi bila kazi yake kuonekana imepungua, kwa sababu kazi yenyewe haipimwi. Kokoto zinapimwa. Kama kampuni imelipia watu fulani, kule ujenzini wanategemea shehena ya watu hao, na shehena ikipungua simu italia. Kwa hiyo dereva hewa lazima afanye kazi. Kazi yake inafanywa na aliyepo.

Tuchukue mfano wa kufikirika, ili hesabu ionekane. Tuseme juu wanalipia madereva 15 na uwanjani wapo 10. Kama dereva mmoja anatarajiwa tripu 12, juu wanategemea tripu 180. Watu 10 wakipiga 12 wanaleta 120. Zile 60 zinazobaki lazima zitoke mahali. Gawanya kwa 10: kila mtu aongeze 6. Kumi na mbili na sita ni kumi na nane, ambayo ndiyo rekodi ya Red. Sisemi mwandishi alikaa na kalamu akapanga hivyo. Mfano ni wangu. Ninachosema ni kwamba rekodi ya nyapara katika mfumo wa namna hii huwa si sifa ya ushujaa. Ni kiwango ambacho kituo kinakihitaji ili wizi usionekane, kikiwa kimevalishwa nguo za ushindani. Red anapokimbia anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anajaza pengo la mtu ambaye hayupo, na anawaonesha waliopo kwamba inawezekana.

Kwa wizi huu kufanikiwa zinahitajika leja mbili zinazosema lugha tofauti. Juu wanahesabu vichwa, chini wanahesabu tripu. Mtu pekee anayesimama katikati ni meneja, na ndiye anayetafsiri moja kwenda nyingine. Dereva anayepokea malipo ya tripu 14 hana sababu ya kuuliza wangapi wameandikwa kule juu. Anaona amelipwa haki yake, tena nzuri. Ndiyo maana hakuna anayelalamika, na ndiyo maana siri haikufichuliwa na dereva.

Linganisha na Gino, ambaye hesabu hizi zote hazijui na bado ndiye anayelipa. Mateka wa vita wa Kiitalia walitawanywa sehemu nyingi za himaya ya Uingereza. Wasafiri wa barabara ya zamani kutoka Nairobi kushuka Bonde la Ufa wanalijua lile kanisa dogo la Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitalia waliokuwa wakijenga barabara hiyo, na malori yanapita hapo mpaka leo. Waliokwenda Uingereza walifanya kazi mashambani, na baadhi yao vita vilipokwisha hawakurudi. Gino ni mmoja wa hao katika hadithi: mgeni, mcha Mungu, anayeota kurudi kwao. Ili kumsaidia Tom ampite Red, anabadilisha namba za magari yao ili hila za wenzake zimwangukie yeye. Zinamwangukia kweli, na ajali hiyo inamuua. Kilichomuua ni namba iliyobandikwa kwenye lori. Wenzake walikuwa wameacha kutazama nani yuko ndani.

Lom anamcheza kwa upole unaozidi kidogo, na lafudhi yake ya Kiitalia inachosha baada ya muda. Alikuwa mzaliwa wa Prague, labda ndiyo sababu. Lakini bila Gino filamu ingebaki na mabondia tu.

Mwisho unajulikana kwa mtu yeyote aliyekulia kwenye mabanda ya video, kwamba steringi hafi. Red na Cartley wanapanda lori moja kumfukuza Tom, wanajaribu kumsukumia kwenye shimo la machimbo yaliyoachwa, na ni wao wanaoporomoka. Gari la Tom linaning'inia ukingoni, naye anajikokota kutoka. Ni dakika za kusisimua kwelikweli, na Geoffrey Unsworth aliyezipiga picha alijua kamera pana ya rangi nyeusi na nyeupe inaweza kufanya nini na vumbi.

Ila kama uchambuzi wa kesi, hapo ndipo ninapotofautiana na filamu. Imetuonesha kwa saa nzima na zaidi kwamba tatizo ni mpangilio, halafu inalitatua kwa kuwaua watu wawili. Makao makuu ya Hawletts hatuyaoni. Hatumwoni mtu aliyetia saini mikataba ya shehena bila kuuliza inaletwaje, wala mkaguzi aliyepitisha orodha ya mishahara bila kuhesabu vichwa uwanjani hata siku moja. Kiwango cha tripu 12, ambacho hakikuwa wizi wa Cartley peke yake bali sharti la kazi, kinabaki palepale.

Pengo jingine ni chama cha wafanyakazi. Hakina nafasi katika kisa hiki, na si kwamba nchi haikuwa nacho. Chama cha wafanyakazi wa usafirishaji kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa Uingereza, na tangu 1956 katibu mkuu wake alikuwa Frank Cousins, mtu aliyewahi kuendesha lori mwenyewe. Endfield hakuwa mtu wa kutojua mambo hayo. Alikuwa Mmarekani aliyekimbilia Uingereza baada ya kutajwa mwaka 1951 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, na Hollywood ilikuwa imemfungia milango. Naona ni makusudi kwamba mtu mwenye historia hiyo alitengeneza uwanja usio na chama. Kila mmoja pale ana kitu anachoogopa kisijulikane, na meneja anaishi kwa hilo. Mwezi Julai mwaka huohuo, Waziri Mkuu Harold Macmillan alisimama Bedford akawaambia Waingereza kwamba wengi wao hawajawahi kuishi vizuri kama wakati ule. Kwa wengi ilikuwa kweli, na nyumba na barabara zilizokuwa zikijengwa zilihitaji kokoto kila asubuhi.

Miaka mingi baadaye sheria ilikuja kulitaja jambo lenyewe kwa jina. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006, katika ibara ya 10, inakataza kampuni ya usafirishaji kumpa dereva malipo au bonasi inayotegemea umbali aliosafiri au kiasi cha mzigo alichobeba, ikiwa malipo hayo yanaweza kuhatarisha usalama barabarani au kuchochea uvunjaji wa kanuni hiyo. Ni Hawletts nzima ndani ya sentensi moja. Lakini angalia lile neno "ikiwa". Mtu anapaswa kuthibitisha kwamba ni malipo ndiyo yaliyomkimbiza dereva, na shahidi wa kwanza atakayeitwa ni dereva mwenyewe, ambaye mwezi uliopita alilipwa kwa tripu 16 na mwezi huu anataka kulipwa 17.